Grogan, mlowezi ambaye jina lake lilikataa kuondoka Nairobi

MAKANIKA wa Nairobi anapotafuta gia ya lori kuukuu, au mwenye matatu anapotaka injini ya bei nafuu, huelekezwa Grogan. Hakuna anayeuliza ni wapi. Vijana wa Kariokor, Ziwani, Pumwani na Bahati wamekua wakilijua jina hilo kama wanavyojua Gikomba au Burma, na wengi wao wamejifunza ufundi humo katika gereji zilizojaa grisi na kelele za nyundo.

Katika ramani za jiji, hakuna tena barabara iitwayo Grogan. Baada ya uhuru, kibao hicho kiling'olewa na barabara ikapewa jina la Kirinyaga. Lakini ulimi wa raia haukutii amri hiyo. Zaidi ya nusu karne baadaye, jina la Mwingereza aliyewahi kuwachapa viboko Waafrika watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, lingali linatajwa kila siku na wajukuu wa wale aliowadharau. Wengi wanaolitaja hawajui alikuwa nani.

Ewart Scott Grogan alikuwa mwanajeshi, msafiri, mwanasiasa na bwanyenye wa ardhi. Maisha yake yalianza London mnamo Desemba 1874, miaka mingi kabla ya Nairobi kuwako, na yakakoma mwaka wa 1967 Kenya ikiwa tayari jamhuri. Kati ya miaka hiyo 92, zaidi ya 50 aliitumia kujitwalia na kuendeleza mali katika nchi hii: misitu ya Ravine, gati la Mombasa, kinamasi cha Nairobi na mashamba ya mkonge ya Taveta. Kuyafuata maisha yake ni kuifuata njia ambayo ardhi ya Kenya ilipitia hadi kuingia mikononi mwa wachache.

Kijana mkaidi

Baba yake Grogan alikuwa wakala wa nyumba na mashamba, kazi iliyomfikisha karibu na matajiri wa London. Familia ilikuwa kubwa mno, na Ewart alikuwa mmoja wa watoto wengi waliohitaji kujitafutia nafasi duniani. Alipelekwa katika shule ya Winchester, mojawapo ya shule za kifahari za Uingereza, lakini hakumaliza vyema. Akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko pia akaondolewa kwa utundu bila kupata shahada.

Mwaka wa 1896, akiwa na umri wa miaka 21, alikwenda kusini mwa Afrika. Wakati huo Wandebele na Washona wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe walikuwa wamechukua silaha kupinga utawala wa kampuni ya Cecil Rhodes, iliyokuwa imewanyang'anya ng'ombe na malisho. Grogan alijiunga na askari wa kujitolea waliozima uasi huo. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza ya maisha ya mpakani: kwamba kikosi kidogo chenye bunduki kinaweza kuigeuza nchi ya watu kuwa shamba la kampuni. Somo hilo hakulisahau.

Baada ya vita aliugua sana, akaenda New Zealand kupumzika katika familia ya rafiki yake wa chuoni. Ndiko alikokutana na Gertrude Watt, akampenda na kutaka kumwoa. Baba wa kambo wa msichana huyo hakuvutiwa na kijana asiye na shahada, kazi wala akiba. Grogan akaahidi kuthibitisha uanaume wake kwa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: kulivuka bara la Afrika kutoka Cape hadi Cairo.

Safari ya Cape hadi Cairo

Alianza kuelekea kaskazini kutoka Beira mwaka wa 1898, akiwa pamoja na Arthur Sharp, mjomba wa Gertrude. Sehemu ya kutoka Cape hadi Beira aliihesabu kwa sababu alikuwa ameipita awali. Walipitia Mto Zambezi, Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakapanda bonde la Ruzizi hadi Ziwa Kivu, kisha wakafika magharibi mwa Uganda. Huko Sharp aliachana naye. Grogan akaendelea hadi kwenye vinamasi vya Mto Nile kusini mwa Sudan, ambako yeye na wapagazi wake waliteswa na njaa, homa na mapigano kabla ya kukutana na Waingereza waliokuwa wakitoka kaskazini. Mapema mwaka wa 1900 aliwasili Cairo.

Uingereza ilimpokea kama shujaa. Alifika mbele ya Malkia Victoria, akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo mwaka huohuo, na Oktoba akamwoa Gertrude. Historia iliandika kwamba mtu mmoja alitembea kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Haikuandika kwa herufi kubwa kwamba mtu huyo hakubeba mahema, vyakula, risasi wala masanduku yake. Mizigo hiyo ilibebwa vichwani na mabegani na Waafrika waliolipwa ujira mdogo, na baadhi yao hawakurudi makwao.

Katika kitabu hicho, Grogan alitoa pia maoni yake kuhusu Waafrika. Aliamini kwamba kuwalazimisha wafanye kazi kungewafaa zaidi kuliko fedha zote zilizotumiwa na wamishenari. Maoni ya namna hiyo hayakuwa ya ajabu miongoni mwa Waingereza wa wakati huo. Tofauti ni kwamba muda si muda Grogan angepata nchi ya kuyafanyia majaribio.

Msitu, gati na kinamasi

Alifika Afrika Mashariki mwaka wa 1904, baada ya kuishi kwa muda Johannesburg. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwaka wa 1899 na Ziwa Victoria miaka michache baadaye. Serikali ya Uingereza, ikiwa imetumia mamilioni ya pauni kuijenga, ilitafuta wazungu wa kuilimia nchi ili reli ipate mizigo. Sheria ya ardhi ya 1902 iliwawezesha kukodishiwa mashamba kwa miaka 99. Mwaka wa 1915 muda huo ulirefushwa hadi miaka 999. Waafrika waliokuwa wakiishi humo walihesabiwa kuwa wapangaji wa serikali katika ardhi ya babu zao.

Grogan alikuja kwa ajili ya mbao. Akiwa na mshirika wake, Lingham, aliiomba serikali haki ya kukata miti katika misitu iliyo karibu na Eldama Ravine. Mazungumzo yalichukua zaidi ya miaka kumi, na mkataba wa mwisho ulikuwa wa ukarimu wa kushangaza kwa upande wake. Msitu wa Lembus ulikuwa malisho na makimbilio ya Watugen wakati wa kiangazi. Walipolalamika, serikali ilijikuta imefungwa na mkataba wake yenyewe. Ilibidi mwaka wa 1923 Gavana Robert Coryndon atambue rasmi haki za wenyeji kulisha mifugo na kuchukua kuni humo. Mvutano kuhusu Lembus uliendelea hadi miaka ya 1950.

Mombasa alijipatia kipande cha ufuo pale Mbaraki, akijua kwamba koloni linalokua litahitaji bandari. Alijenga gati, na katika miaka ya 1920 serikali ikalinunua kwa bei iliyozua manung'uniko makubwa miongoni mwa walipa kodi.

Nairobi alijenga nyumba ya kifahari Chiromo, mahali ambapo leo pana bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini ununuzi wake wa busara zaidi ulionekana kuwa wa kipumbavu. Alichukua kinamasi kilichokuwa kando ya Mto Nairobi, kaskazini mwa mji wa wakati ule. Kilikuwa na matope, mafunjo, vyura na mbu, na madaktari walikilaumu kwa malaria. Wengine waliona ugonjwa, yeye akaona viwanja. Mji ulipopanuka, ulilazimika kukivuka kinamasi hicho, na kila hatua ulivyokisogelea, thamani yake ilipanda. Barabara iliyopita humo ilipewa jina lake, na hapo ndipo zilipo gereji za leo.

Mto huohuo unaendelea chini hadi Gikomba na Shauri Moyo, ukielekea Dandora. Kwa muda mrefu mitaa ya Waafrika ilipangwa upande huo wa mashariki, kwenye nyanda za chini, ilhali wazungu walijitengea vilima vya magharibi vyenye hewa baridi. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika waliofukuzwa kutoka vijiji vya awali vya mji. Hawakuruhusiwa kumiliki ardhi waliyojengea nyumba zao. Mzungu mmoja aliweza kumiliki kinamasi kizima, lakini mwenye nyumba Pumwani hakuweza kumiliki kiwanja cha hatua ishirini.

Machi 14, 1907

Tukio lililomfanya Grogan ajulikane hadi katika Bunge la Uingereza lilitokea Alhamisi ya Machi 14, 1907. Wakati huo alikuwa rais wa Chama cha Walowezi, na uhusiano kati ya walowezi na Gavana James Hayes Sadler ulikuwa umezorota. Walowezi walidai kwamba serikali inawadekeza wenyeji.

Vijana watatu Wakikuyu walikuwa wakivuta riksha, yaani kigari cha abiria kinachokokotwa na watu. Abiria walikuwa wanawake wawili wa kizungu, mmojawao dada yake Grogan. Ilidaiwa kwamba vijana hao waliinua mipini ya kigari na kukitikisa, na kwamba walijibu kwa ufidhuli walipokemewa. Hakuna mahakama iliyosikiliza madai hayo. Hakuna aliyewauliza vijana hao upande wao wa mambo, kama walikuwa wamechoka, kama waliteleza, au kama walikuwa wakidai malipo yao.

Grogan aliamua hukumu mwenyewe. Aliwapeleka vijana hao hadi uwanja wa mahakama ya Nairobi, ambako umati wa wazungu ulikuwa umekusanyika, baadhi yao wakiwa na silaha. Hakimu na afisa wa polisi walijitokeza na kujaribu kuwazuia. Hawakusikilizwa. Grogan alichukua kiboko akamchapa wa kwanza viboko 25. Walowezi wengine wakawachapa waliobaki.

Mahali palipochaguliwa palikuwa na maana. Kama ingekuwa hasira tu, vijana hao wangepigwa njiani au nyumbani. Kuwapeleka mbele ya mlango wa mahakama, mchana, hakimu akitazama, kulikuwa ujumbe kwa serikali: katika nchi hii, sheria ni sisi.

Serikali iliwashtaki Grogan na wenzake. Lakini shtaka lililochaguliwa lilikuwa la kukusanyika kinyume cha sheria. Miili ya wale vijana watatu haikuwa kiini cha kesi. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja na faini ya rupia 500, na wenzake wakapata adhabu ndogo zaidi. Hakuwekwa pamoja na wafungwa wa kawaida, bali alizuiliwa katika nyumba iliyotengwa, ambako hali yake haikuwa ya mateso. Alipotoka, wazungu wengi wa Nairobi walimwona kuwa kiongozi aliyeonewa.

London ilikasirika, barua zikaandikwa, maswali yakaulizwa bungeni. Hata hivyo, hakuna kilichobadilika kwa Mwafrika wa kawaida. Kiboko kiliendelea kuwa sehemu ya ajira katika mashamba mengi ya walowezi kwa miaka mingi. Vijana wale watatu walirudi kwao wakiwa na makovu. Jina la aliyewachapa liliwekwa barabarani, na lao halikuwekwa popote.

Vita na wapagazi

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka wa 1914, Grogan aliitwa tena jeshini. Ujuzi wake wa njia za Afrika ya kati ulimfaa. Alifanya kazi ya upelelezi na ya kuwaunganisha Waingereza na Wabelgiji wa Congo waliokuwa wakipigana na Wajerumani wa Tanganyika. Alitunukiwa nishani ya DSO kwa utumishi huo.

Septemba 1915 alihutubia mkutano mkubwa wa walowezi katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi, jengo ambalo baadaye lilikuja kuwa sinema ya Cameo. Kwa ufasaha ambao hata mahasimu wake waliukiri, alitaka wazungu wote walazimike kutumikia vita na nguvu za koloni zielekezwe huko. Mkutano huo uliwapa walowezi sauti kubwa zaidi katika uendeshaji wa vita, na sauti hiyo hawakuiachia vita vilipokwisha.

Mzigo mzito zaidi wa vita hivyo haukubebwa na waliokuwa ukumbini. Mwaka huohuo serikali ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika kwa nguvu katika kikosi cha wapagazi. Walibeba chakula na risasi hadi ndani kabisa ya Tanganyika, kwa mshahara uliopunguzwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Kuhara, malaria na uchovu viliwaua kuliko risasi. Makumi ya maelfu hawakurudi, na mishahara ya wengi waliofariki haikuwafikia jamaa zao.

Kambi ya kikosi hicho jijini Nairobi ilikuwa mahali panapoitwa Kariokor, jina lililotokana na Waswahili kulitamka kwa namna yao jina la Kiingereza la kikosi chenyewe. Kwa hiyo Kariokor na Grogan, sehemu mbili zinazotenganishwa na mwendo mfupi wa miguu, ni majina mawili ya vita vilevile. Moja ni la maelfu wasiojulikana, jingine ni la mtu mmoja.

Tofauti ya malipo ilidhihirika mwaka wa 1919. Katika ukumbi uleule wa Theatre Royal, serikali iliendesha bahati nasibu ya kuwagawia mashamba wanajeshi wazungu waliomaliza vita. Sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kutoka kwa Wanandi, jamii iliyokuwa imetoa vijana wengi kwa vita hivyo. Hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kuokota tikiti hata moja. Alichopewa Mwafrika mwanamume baada ya vita kilikuwa kipande, cheti cha lazima chenye alama za vidole, ambacho alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati.

Hoteli na sanamu

Mwaka wa 1928, Grogan alijenga jengo lililokuwa fahari ya Nairobi, Hoteli ya Torr's, katika pembe ya barabara ambazo leo ni Kenyatta na Kimathi. Wazungu walikunywa chai na kucheza dansi humo. Mwafrika aliingia kwa kupitia mlango wa wahudumu. Jengo hilo liliuzwa kwa benki mwaka wa 1958, na ndilo lililokuja kuitwa Stanbank House.

Mwaka huohuo wa 1928, kwenye barabara hiyohiyo, ilizinduliwa sanamu ya shaba ya wanaume watatu Waafrika, askari na mpagazi, kuwakumbuka waliokufa vitani. Ingali imesimama. Wanaotoka Eastlands kwenda kazini huipita kila asubuhi. Wageni wa hoteli ya Grogan wangeweza kuifikia kwa dakika chache, lakini mtu wa rangi ya wale wanaokumbukwa na sanamu hiyo hangekaribishwa mezani mwa hoteli.

Bwana wa Taveta

Katika miaka ya 1930, Grogan alielekeza nguvu zake Taveta, chini ya Mlima Kilimanjaro, eneo ambalo mwaka wa 1916 lilikuwa uwanja wa mapigano makali kati ya Waingereza na Wajerumani. Alipata mashamba makubwa karibu na Ziwa Jipe na Ziwani, akalima mkonge na mazao mengine, na akachimba mifereji ya kunyunyizia maji kutoka kwenye chemchemi za eneo hilo. Juu ya kilima cha Girigan alijenga jumba lenye kuta nene, lililoitwa kasri, ambako aliweza kuona shamba lake pande zote. Waliomfanyia kazi walimwita Bwana Chui.

Hata wakosoaji wake hawakuweza kumnyima sifa ya bidii. Mahali ambapo wengi waliona nyika, yeye aliona mfereji. Inadaiwa ndiye aliyeleta Kenya samaki wa trauti, waliotiwa katika mito ya Aberdare mwaka wa 1905. Lakini mifereji ya Taveta ilichimbwa na mikono ya vibarua ambao hawakuwa na haki ya ekari moja. Mashamba hayo yalipopita kwa wamiliki wengine baadaye, Wataveta wengi walijikuta maskwota katika nchi yao, na madai yao yaliendelea hadi karne hii ya 21.

Mkewe, Gertrude, aliaga dunia mwaka wa 1943. Kwa kumkumbuka, Grogan alitoa nyumba na ardhi Muthaiga ili kujengwa hospitali ya watoto, iliyofunguliwa mwaka wa 1947. Hospitali ya Gertrude's ingali inatibu watoto, na sasa wazazi wa rangi na makabila yote huwapeleka watoto wao huko. Katika urithi wake wote, hicho ndicho kitu ambacho alikitoa bila kukitarajia faida.

Sauti kali ya mwisho

Grogan aliwahi mara kadhaa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa msemaji hodari, mcheshi, na mwenye ulimi mkali kwa magavana. Hadi mwaka wa 1944, hakuna Mwafrika aliyeketi katika baraza hilo. Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka huo kuwa wa kwanza, Grogan alikuwa amekwisha kuzungumza kuhusu Waafrika hadharani kwa zaidi ya miaka 40.

Vita vya Mau Mau vilipokaribia mwaka wa 1952, mzee huyo wa karibu miaka 78 alikuwa bado barazani. Msimamo wake haukuwa umelegea tangu siku ile ya riksha. Alitoa rai kwamba baadhi ya watuhumiwa wanyongwe mbele ya wenzao, ili waliosalia wapeleke habari vijijini. Serikali haikuifuata rai hiyo kwa namna aliyoitaja. Lakini kabla ya vita kumalizika, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa kwa amri ya mahakama.

Aprili 24, 1954, wakazi wa Eastlands waliamka na kukuta mitaa yao imezingirwa na wanajeshi. Ilikuwa Operesheni Anvil. Katika Pumwani, Bahati, Kariokor, Kaloleni na kwingineko, wanaume walitolewa nyumbani, wakapangwa mistari, wakakaguliwa na watu waliofunikwa magunia nyuso. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kanuni iliyoonyeshwa mwaka wa 1907 na mtu mmoja mwenye kiboko, kwamba Mwafrika anaweza kuadhibiwa kabla ya kusikilizwa, sasa ilikuwa kazi ya serikali yenyewe.

Grogan aliondoka barazani mwaka wa 1956. Tofauti na walowezi wengi waliouza mali na kukimbia bendera ya Uingereza iliposhushwa mwaka wa 1963, aliishuhudia Kenya ikiwa huru. Hatimaye alihamia Afrika Kusini, nchi ambayo wakati huo ilikuwa ikitekeleza kwa sheria ubaguzi aliokuwa ameuzoea. Alifariki Cape Town mnamo Agosti 16, 1967. Alikufa katika mji ambao jina lake lilifungua safari iliyompa umaarufu alipokuwa kijana.

Kinachobaki

Wapo wanaomsifu Grogan kuwa mjenzi, na wapo wanaomlaani kuwa mnyang'anyi. Maisha yake yanaonyesha kwamba mambo hayo mawili yaliweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na kwamba la kwanza lilitegemea la pili. Hakuiba usiku. Alichukua kwa mikataba, kwa mihuri na kwa sahihi za magavana, chini ya sheria zilizotungwa na watu waliofanana naye. Hilo ndilo lililofanya mali yake iwe ngumu kurudishwa hata baada ya yeye kuondoka. Kibao cha barabara kilibadilishwa na fundi mmoja mwenye nyundo. Hati za Taveta na Lembus zilihitaji miongo kadhaa ya kesi, mikutano na vilio.

Uhuru uliyafuta majina mengi ya kikoloni jijini. Barabara ya Delamere ikawa ya Kenyatta, ile ya Hardinge ikawa ya Kimathi. Hayo yalishika. La Grogan lilikataa, labda kwa sababu waliolishika hawakuwa mabwana wa mjini bali makanika, wauza vipuri na makondakta, ambao kwao lilikuwa limeshakuwa jina la mahali na si la mtu. Kinamasi alichokinunua ili kijukuu wa mzungu aje kufaidi kimekuwa chuo cha ufundi cha watoto wa Eastlands wasio na karo ya chuo.

Hata hivyo, wengi wa wanaofanya kazi humo hawana hati ya mahali wanapotandika zana zao. Huishi kwa hofu ya tingatinga za alfajiri, kama walivyoishi babu zao wa Pumwani waliokatazwa kumiliki viwanja. Jina la mwenye ardhi limebaki bila mwenyewe, na watumiaji wa ardhi wamebaki bila hati. Huo ndio mkataba wa mwisho wa Grogan ambao Nairobi bado haijauvunja.